Siku Nilipoupiga Mnada Utafiti wa Mama Ndinda

Mkiniona kanisani siku hizi nimeketi safu ya nyuma karibu na mlango, na mnada ukianza naangalia viatu vyangu, msidhani nimepoa kiimani, ni aibu tu, na kwa vile wengine wenu mmeshaisikia habari hii kutoka kwa watu ambao hata hawakuwepo (mmoja aliongeza chumvi mpaka ikawa nilimuuza mke mwenyewe), wacha niwasimulie mimi niliyepatwa nayo, halafu mcheke mara moja mmalize.

Mimi ndiye nilikuwa dalali wa kanisa letu, pale Nairobi, nyuma ya Adams Arcade. Mnajua ibada ikiisha, vile vitu watu wameleta badala ya pesa, mayai, mikungu ya ndizi, kuku amefungwa miguu, vinapigwa mnada uwanjani, na mtu wa kuvinadi lazima awe na mdomo. Mdomo ninao. Nimewahi kuuza yai moja kwa bei ya trei nzima na aliyelinunua akanishika mkono kunishukuru, na watu wote walikuwa wananiita Dalali, pasta pia, jina langu likabaki kwenye kitambulisho.

Sasa mke wangu, Mama Ndinda, ni mwalimu wa shule ya msingi, na watoto walipotoka nyumbani akarudi chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili, na utafiti wake ukawa juu ya maboga. Ndiyo, maboga, haya tunayoita malenge. Aliyaleta kutoka kwao Makueni akayapanga kwenye stoo yetu ndogo ya jikoni, juu ya majivu na nyasi kavu, kila moja na kibandiko chake chenye nambari, na kila wiki anayapima uzito, anayabonyeza, anayanusa, anaandika. Mengine yalioza, mengine aliyakata akayapeleka maabara, mpaka yakabaki mawili. Na mimi (hapa ndipo aibu yenyewe ilipo, hayo mengine ni kicheko tu) sikuwahi hata siku moja kumuuliza anatafuta nini ndani ya hayo malenge. Watu wakiniuliza mama anasomea nini, nilikuwa nawajibu ni mambo ya shamba, kisha naanza kuongea juu ya mpira.

Jumamosi hiyo alikuwa Makueni akiongea na akina nyanya wanaojua kuweka malenge yakae muda mrefu, na huko mtandao ni wa kupanda mwinuko ukiinua simu juu. Akanipigia. Sauti inakuja, inapotea. "Baba Ndinda, kesho asubuhi kabla uende kanisa, tafadhali utoe yale mawili ya kwa kona," halafu simu ikakatika.

Utoe. Hebu niambieni nyinyi wenyewe. Mtu wa kanisa, tena dalali, umwambie utoe, siku ya Jumapili, kabla ya ibada, ataelewa nini? Kumbe mama alikuwa amesikia redioni kwamba mvua inakuja Nairobi, na ule ukuta wa kona huwa unalowa, kwa hivyo alitaka niyasogeze yakae pakavu, basi. Mimi nilisikia sadaka. Na tena nikaguswa moyoni, nikajiambia mke wangu amemaliza masomo yake na sasa anamrudishia Mungu malimbuko, mwanamke wa namna gani huyu. Ningeweza kumpigia tena nimuulize vizuri, lakini mpira ulikuwa umeanza kwenye runinga, nikasema aah, si nimeelewa.

Asubuhi nikaingia stoo. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kubandua vile vibandiko, kwa sababu Mungu haletewi kitu chenye nambari kama bidhaa ya supamaketi. Nikapangusa majivu kwa kitambaa chenye maji. Kisha (naomba msinikatize hapa, najua) nikayapaka mafuta ya kupikia kidogo ili yang'ae.

Uwanjani niliyaacha ya mwisho, kwa sababu kitu kizuri hakiuzwi watu wakiwa bado hawajachangamka. Nikainua moja, nikawaambia haya si malenge ya sokoni, haya yamefanyiwa risachi ya chuo kikuu na mke wangu mwenyewe. Watu wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa. Ndipo Mzee Mutiso, mstaafu mmoja mpole anayekaa Hurlingham kwa mwanawe, akauliza kwa nia njema kabisa, "Na hiyo risachi ilipata nini?"

Sikujua. Lakini dalali akinyamaza bei inashuka, kwa hivyo mdomo ukaenda wenyewe. Nikasema yanashusha presha. Jamani, mngeona mikono ilivyoinuka. Nikaona neno limeshika, nikaongeza magoti, nikaongeza macho, nikaongeza usingizi. Mzee Mutiso akachukua moja kwa bei ambayo sitaitaja, na la pili likachukuliwa na msichana mgeni mwenye miwani aliyekuwa ameketi kimya pembeni tangu asubuhi.

Jioni simu ikaingia, sauti safi safari hii. Akaniuliza kama niliyatoa. Nikamwambia niliyatoa, mama, na yamebarikiwa.

"Yamebarikiwa aje?"

Nikamweleza yote, sauti yangu ikizidi kushuka. Hakunifokea. Ingekuwa afadhali anifokee. "Baba Ndinda," akasema polepole, "hayo ndiyo yalikuwa yamebaki. Wiki hii ndiyo ilikuwa ya kupima mara ya mwisho. Nikikosa hiyo, sina kitu ya kupeleka." Halafu akanitakia usiku mwema, kwa sababu ndivyo alivyo, nami nikabaki na simu mkononi kama mtu aliyefiwa. Nilimtumia ujumbe kwamba akifika kesho jioni atayakuta mahali pake. Sikujua nitafanya vipi.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini nikaenda Hurlingham. Mzee Mutiso alinipokea kwa furaha, akaniketisha, ikaletwa chai na sahani ya vipande vilivyochemshwa, na mimi nikiwa na mawazo mengi ya jinsi ya kuanza, nikala kimoja, nikala cha pili, nikapangusa mdomo nikaanza. Nikasema mzee, nimekuja kwa jambo la aibu, lile lenge la jana, nimelifuata, naomba nilirudishe nyumbani na pesa yako nikulipe. Mzee akaniangalia, akaangalia sahani, akaniangalia tena.

"Si ndiyo hiyo unakula."

Kabla sijameza vizuri, akaingia mkaza mwanawe, Syombua, ambaye ni muuguzi, na akataka kujua kama mimi ndiye yule dalali. Kumbe mzee asubuhi hiyo alikataa vidonge vyake vya presha, akasema ana malenge ya chuo kikuu. Na kumbe (mimi bahati yangu huwa hivi) Syombua naye anasoma, na utafiti wake ni kwa nini watu wenye presha wanaacha dawa. "Kila mgonjwa nikimuuliza ananiambia aliambiwa na mtu," akasema. "Nimetafuta huyo mtu kila mahali. Karibu sana, baba."

Hapakuwa na pa kukimbilia. Nikamgeukia mzee nikamwambia ukweli, kwamba nilibuni, kwamba malenge ni chakula kizuri lakini mimi sijui hata kidogo yanafanya nini mwilini, na kwamba tafadhali ameze dawa yake. Alimeza mbele yangu, na alivyokuwa amesikitika, mzee wa watu, nilitamani kuingia chini ya kochi. Syombua alinisindikiza mlangoni akasema Jumapili atakuja kanisani kwetu, na angependa sana kunisikia nikisema maneno hayo hayo kwa ile sauti ya mnada.

Pasta alikuwa amenipa nambari ya yule msichana wa miwani. Anaitwa Nekesa, anakaa chumba cha nyuma cha nyumba moja Spring Valley ambako shangazi yake anafanya kazi. Soja wa getini aliniuliza nimekuja kwa shughuli gani, nikamwambia nimefuata malenge, akamwita soja wa nyumba jirani ili nirudie.

Nekesa alikuwa ameliweka mezani kando ya kompyuta yake, halijaguswa, na nikashukuru Mungu kwa sauti. Lakini hakunipa mara moja. Yeye anasomea dini, shahada ya uzamivu, na anazunguka makanisa ya jiji kutafuta kujua kwa nini mtu atoe pesa nyingi kwa kitu ambacho sokoni ni bei rahisi, na lenge lile, akasema, lilikuwa mfano mzuri kuliko yote aliyopata. Akaomba kwanza aniulize maswali mawili matatu. Akauliza kama sadaka ikishatolewa inaweza kurudishwa, nikamwambia hilo amuulize pasta. Akauliza kama niliyaamini yale maneno nilipokuwa nayasema. Nikamwambia nilitaka tu watu wayapende malenge ya mke wangu.

Akaandika, kisha akainua macho. "Na mama mwenyewe anasema utafiti wake ni wa nini?"

Nikafungua mdomo, huu mdomo wangu mnaoujua, na hakukutoka kitu. Miaka miwili nimelala kitanda kimoja na yule mwanamke, taa ya meza yake inawaka, mimi nageukia ukutani kwa sababu inanisumbua macho. Nilimwambia Nekesa sijui. Machozi yalinijia pale pale, mwanamume mzima, katika chumba cha mtoto wa watu. Alinifungia lenge kwenye leso yake akanikabidhi bila swali lingine.

Mama Ndinda alifika jioni na begi lake na vumbi la Makueni. Alipoliona mezani alilichukua akalipangusa yale mafuta kwa aproni, akaligeuza kwa mwanga wa dirishani. Nilikuwa nimeanza kumwomba radhi kwa ajili ya vibandiko, kwamba sasa hatutajua ni lipi, akasema ni la saba, lina kovu hapa karibu na kikonyo, lilikwaruzwa garini likija. Akalipima, akaandika. Halafu akauliza la nne liko wapi.

Nikamwambia nimelila.

Akaketi. Alifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika, nami nikajua nimemliza, kumbe hata yeye hakujua kama analia au anacheka, ilikuwa yote. Mwishowe akajipangusa akavuta kalamu. "Haya. Lilikuwa kavu ama la majimaji?" Nikamwambia kavu. Utamu? Nikamwambia utamu wake haukuja mara moja, ulikuja baada ya kumeza, nikataka kingine. Akayaandika yote kama maneno ya mtu wa maana.

Ndipo nikamuuliza. Nikasema, "Mama Ndinda, unatafuta nini kwa haya malenge?"

"Unauliza kwa sababu umekosa?"

"Nauliza kwa sababu sijui."

Akaweka kalamu chini, akaniambia. Mwaka mmoja wa kiangazi akiwa mdogo, mahindi yalikauka yote, na mama yake akawa anatoa malenge kutoka dari ya jikoni, moja moja, mpaka mvua ikaja, na watoto wote wakaishi. Siku hizi watu wanavuna, wanaweka, yanaoza. Alitaka kujua mama yake alifanya nini hasa, majivu yale, nyasi zile, yashikwe vipi, ili na asiye na mama wa kumfundisha aweze. Aliongea mpaka chai ikapoa. Nilimpenda upya, nasema hivi bila haya, nilimpenda kuliko siku ya harusi, na niliona aibu kwamba ilibidi niuze ndipo nijue bei.

Jumapili iliyofuata Syombua alikuja kama alivyoahidi, nikasimama na kipaza sauti nikawaambia washirika wote kwamba malenge hayaponyi presha na kila mtu arudi kwa dawa yake, kisha nikamrudishia pasta kazi ya udalali.

Na siku Mama Ndinda alipowasilisha utafiti wake, nilivaa suti nikaenda, nikaketi nyuma. Aliongea vizuri sana. Lenge moja lilitosha, akaeleza bila kuficha kwamba moja halikupimwa mara ya mwisho. Profesa mmoja, mama mkali mwenye nywele za mvi, akafungua kurasa akasoma kwa sauti kwamba tunda la nne lilipotea kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa mtafiti, akavua miwani, akauliza hizo sababu ni zipi.

Mama Ndinda aligeuka taratibu, akaangalia safu ya nyuma. Ukumbi wote ukageuka naye.

Nikainua mkono.

Walicheka mpaka profesa akagonga meza, na mke wangu akacheka zaidi ya wote, kisha akavuta pumzi akaendelea na ukurasa uliofuata, na baada ya muda wakampongeza. Mimi nimeapa, na mnishikilie hapo, sitasifia tena mbele ya watu kitu cha mtu wa nyumbani kwangu kabla sijaketi naye yeye kwanza, nimwambie anieleze, halafu ninyamaze.