SI Iliyoshonwa kwa Uzi wa Viatu

Kwetu Kisauni shimo la kuchimbia mawe huitwa timbo. Ndivyo walivyoliita babu zetu waliochonga mawe kwa shoka na sululu, na ndivyo tulivyoendelea kuliita hata baada ya kampuni kuja na mashine, baruti na malori. Ndugu zetu waliotoka bara huliita kwari. Serikali, ambayo haiwezi kupita neno fupi bila kulitafutia lililo refu zaidi, huliita mgodi. Kwa hiyo siku tulipotaka kuiandikia serikali bango, ilibidi tutumie neno lake, isije ikasema haikuelewa.

Bango lile niliandika mimi. Kazi yangu ni hiyo, brashi na rangi: kuta za maduka, milango ya vinyozi, ubavu wa mikokoteni ya Kongowea. Siku hizi watu hupenda kuchapisha kwa mashine, na mashine huchapa chochote inachopewa, ndiyo maana mji umejaa "kinyosi" na "chakula kiko tayali". Mimi mteja akiniletea kosa, namrudishia likiwa limesahihishwa. Akikasirika, hasira zake simtozi.

Miaka kadhaa iliyopita tulitaka timbo lifungwe, na tulikuwa na sababu. Kila mchana honi ililia, baruti ikalipuka, sufuria zikacheza rafuni, na vumbi jeupe likatua kwenye nguo tulizokuwa tumeanika. Dada yangu, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, alipata ufa ukutani kutoka dirishani hadi sakafuni. Aliuziba kwa simenti, ukarudi. Aliuziba tena, ukarudi na mwenzake. Akaamua kuufunika kwa kalenda, na ulipoizidi kalenda urefu akatundika ya pili chini yake, ya mwaka uliokwisha kupita. Nyumba ile ni yake, lakini ardhi si yake. Pwani hii ndivyo tunavyoishi wengi wetu: unajenga kwa jasho lako, unamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, unazeeka humo, na huyo mwenye ardhi huenda usimwone hata siku moja. Dada hakuwahi kumwona wake.

Basi tukaunda kamati, maana kwetu kamati huundwa kabla chai haijachemka. Mwenyekiti akawa mzee mmoja kutoka bara aliyestaafu kazi ya bandarini, mtu mwema, mwenye sauti ya kwaya na Kiswahili alichojitengenezea mwenyewe. Mimi nikaandika kwenye turubai nene, kwa herufi nyeusi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara: MGODI UFUNGWE. Tukaandamana hadi kwa chifu. Chifu akatushukuru kwa kuwa watulivu, tukarudi nyumbani, na siku ya pili honi ikalia kama kawaida.

Turubai lilikuwa zuri na dada hapendi kuona kitu kizuri kikioza. Wakati huo alikuwa amefungua hoteli yake mbele ya lango la timbo: nguzo nne, mabenchi, jiko la kuni. Akaliezeka lile bango juu, maandishi yakitazama chini. Ikawa wachimbaji wa timbo wanakula wali na maharagwe chini ya herufi kubwa zinazoomba kazi yao ife. Hakuna aliyelalamika. Msimamizi wa kampuni mwenyewe alikuja kila asubuhi kwa mahamri na mbaazi, akainua macho, akasoma, kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Hoteli ile ilimfaa dada yangu kuliko mwanamume yeyote aliyewahi kumwahidi kitu. Mumewe alikuwa amemwachia mabinti wawili na deni la mazishi. Kwa sufuria zile aliwalisha, akawasomesha, akamwozesha mmoja kwa sherehe iliyotusumbua majirani hadi alfajiri. Nilipokuwa nikipita na kumwona akikoroga, jasho linamtiririka na anawatania wale vijana wa baruti, nilifurahi moyoni. Alikuwa amepata mahali pake duniani, na pahali penyewe pako mdomoni mwa timbo.

Kisha ikavuma habari kwamba serikali haitaongeza muda wa leseni ya timbo. Sababu zilizotolewa ni vumbi, baruti na nyufa. Yaani walikuwa wametusikia, ila masikio yao yalichukua miaka. Kufikia hapo mtaa mzima ulikuwa ukila timboni. Vijana walipakia malori, bodaboda waliwabeba vijana, wanawake waliwauzia maji, na muuza dawa alikuwa amepanua duka kwa faida ya dawa za kikohozi. Huyo muuza dawa ndiye aliyelia kwanza.

Kamati ikaitwa. Wajumbe walikuwa wale wale, pale pale hotelini kwa dada, na mwenyekiti akasimama na sauti yake ile ile.

"Watu wangu," akasema, "hii mgodi isifungwe."

"Usifungwe," nikamwambia.

"Ndio nasema, fundi. Isifungwe."

Likaja suala la bango. Turubai jipya hatukuwa na uwezo nalo. Watu wakatazama juu kama wanaotafuta msaada wa Mungu, na badala ya Mungu wakaona maandishi yangu.

"Si bango ndilo hili?" dada akauliza. "Mdogo wangu, hapo pamepungua nini?"

Palipungua silabi moja. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba kati ya kulaani timbo na kuliombea uhai pana herufi mbili tu. Mwenyekiti alipendekeza tuandike neno HAPANA mbele, ili isomeke HAPANA MGODI UFUNGWE. Jino likaniuma. Nikawaambia nitalikata turubai baada ya U, nitie kitambaa kipya katikati, nacho kiandikwe SI.

"Gamu haitashika?" akauliza mwenyekiti.

"Gamu ikiyeyuka kwa jua," nikasema, "tutakuwa tumesimama mbele ya serikali tukiomba tufungiwe. Nitashona."

Dada akatoa kipande cha pazia lake jekundu, zito. Nikaandika SI kwa rangi nyeupe, nikashona kwa uzi wa fundi viatu niliokuwa nimeupaka nta, nikapiga mishono miwili pande zote. Vidole vilinitoka malengelenge. Nilipomaliza nilivuta kwa nguvu zangu zote na haikusogea. Nilijivuna, na hadi leo nasema ilikuwa kazi nzuri.

Siku ya baraza la kusikiliza maoni ya wananchi, afisa kutoka Nairobi alifika mapema, na kwa kuwa hema lilikuwa bado linasimamishwa, aliletwa hotelini apate chochote. Dada akampa samaki wa kupaka na chapati. Akala, akaomba chapati nyingine, akasafisha sahani.

"Mama, unapika vizuri sana," akasema.

"Karibu mwanangu, hapa ni kwako," dada akamjibu, nami nikaona amekwisha kumfanya mkwe.

Barazani watu wakaanza kutoa ushahidi. Nimehudhuria mazishi mengi, lakini sijapata kusikia sifa za aina ile. Mzee mmoja aliyekohoa tangu mwanzo hadi mwisho wa yale maandamano yetu ya kwanza alieleza kwamba vumbi la timbo lina chokaa, na chokaa ni dawa ya mifupa. Mama mmoja akasema baruti ndiyo saa yake, na tangu ahamie pale hajawahi kuunguza maharagwe. Mwenye nyumba za kupangisha akasimama, akavua kofia, akasema nyufa zinaingiza hewa safi na wapangaji wake hawaulizi tena habari za feni. Hema likapiga makofi. Mwenyekiti akafunga kwa kusema kwamba sisi na hii mgodi ni kama bibi na bwana, tunagombana lakini hakuna talaka.

Nilikuwa nimeshika mti mmoja wa bango, dada ameshika wa pili. Alipoitwa aliitika "abee", akampa jirani ule mti, akajifunga leso vizuri, akaenda mbele.

"Mimi sitasema uongo," alisema. "Baruti yanitisha kila siku. Nyumba yangu ina nyufa, kalenda zimenishinda. Lakini wale vijana hula kwangu, na kwa mikono hii nimesomesha wanangu. Mkilifunga timbo, mimi sina pa kwenda. Nawaomba jambo moja tu. Niacheni hapo hapo nilipo."

Nililia, na sioni haya kusema. Kati ya wote waliosimama siku ile, yeye peke yake ndiye aliyesema kweli, na ilisikika hivyo. Hata yule mzee wa chokaa aliacha kukohoa.

Afisa akasimama. Akasema alikuwa amekuja na uamuzi mmoja mfukoni, lakini wananchi wamemfungua macho. Akalisoma bango letu kwa sauti, polepole, akalisifu.

"Mgodi huu hautafungwa," akasema.

Vigelegele vikapasua hema. Mwenyekiti alirusha kofia.

"Na si hivyo tu. Kwa kuwa jamii imeuunga mkono namna hii, utapanuliwa."

Hapo tukapagawa. Neno kupanuliwa ni tamu sana ukilisikia kutoka kwa serikali, halafu mtu hana muda wa kuuliza kinachopanuka kinaelekea wapi. Dada yangu alikuwa akicheza. Alishika tena mti wake wa bango, nusura aninyanyue na mimi, turubai likawa linapanda na kushuka juu ya vichwa vya watu na ile SI nyekundu inang'aa katikati.

Afisa akakunjua ramani. Akaeleza kwamba mawe mazuri yaliyobaki yako upande wa langoni, kutoka langoni hadi barabara ya lami. Bahati nzuri, akasema, upande huo hauna kitu. Ramani inaonyesha ni mahali patupu, na mwenye ardhi ameshakubali.

Makofi yaliendelea kidogo, yakapungua, kisha akabaki mtu mmoja nyuma anayepiga peke yake, naye akaacha.

"Mwanangu," dada akamwita afisa, kwa upole uleule wa asubuhi, "hapo patupu ni wapi?"

"Kutoka langoni hadi barabarani, mama."

"Hapo ulipokula samaki."

Afisa akaiinamia ramani. Alipitisha kidole juu yake mara mbili, kama mtu anayetafuta samaki. Kisha akasema wahusika watafuata utaratibu, akamshukuru kila mtu, akaingia garini. Nyumba ya dada iko hatua chache nyuma ya hoteli yake. Ziko nyumba nyingine pia kati ya lango na lami, lakini ya mwenyekiti iko ng'ambo ya lami, na ya mzee wa chokaa iko mbali zaidi. Nilitazama na kuona jinsi watu walivyokuwa wakijigawa bila kuambiwa, wa ng'ambo wakirudi kwao wakizungumza kwa sauti ya chini, baadhi yao wakishindwa kuficha furaha.

Mwenyekiti akamjia dada, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama," akasema, "maendeleo iko na bei yake."

Sikumsahihisha. Kama ningefungua mdomo wakati ule, nisingeishia kwenye sarufi.

Tukarudi hotelini mimi na dada, bango limekunjwa kwapani mwangu. Sahani ya afisa ilikuwa bado mezani. Dada aliiosha, akaipangusa, akaiweka mahali pake. Honi ikalia. Kwa kawaida ikilia yeye hukimbilia kushika rafu, na siku zote nimemcheka kwa hilo. Siku hiyo alikaa tu. Baruti ikalipuka, sufuria zikacheza, mfuniko mmoja ukaanguka ukazunguka sakafuni, naye akautazama mpaka uliposimama.

Nilitaka kumwambia kwamba tutamwona wakili, kwamba serikali husahau mambo, kwamba anaweza kupika kwangu. Nilikuwa na uchungu na hasira, na nilijionea haya kwa kuwa nilishangilia kama wengine. Kabla sijaanza, alikuwa amenyoosha mkono akitaka bango.

Akalitandaza juu ya meza. Akapitisha kidole gumba kwenye mishono ya ile SI, kwanza upande huu, kisha upande wa pili.

"Ulishona kwa uzi gani?" akaniuliza.

"Wa viatu. Niliupaka nta."

"Wafumuka?"

"Haufumuki, dada. Labda ukatwe."

Akaingia nyumbani kwake, akatoka na wembe, akakaa karibu nami kwenye benchi.

"Haya," akasema. "Nishikie hapo kwenye U."