Mlio wa Kikombe cha Bati

Juzi, kwenye televisheni ya hoteli moja pale Murongo, nilimwona mchezaji wa gofu akiinama juu ya mpira, na harufu ya ua uliosilibwa kwa mavi ya ng'ombe ikanirudia.

Gofu aliyoicheza Baba upande wa Uganda ndiyo iliyotulisha. Mashindano yaliposimama kwa muda, Baba alirudi kwetu Nyakatuntu mkono wa kulia ukimtetemeka, nami nikadhani ni baridi. Kahawa ilikuwa imekwisha kuanuliwa uani, kwa hiyo alifanyia mazoezi pale pa kuanikia: mara kwa mkono mmoja, mara amefumba macho, mara akiupitisha mpira kati ya vigingi viwili kuelekea kikombe cha bati alichokifukia ardhini hadi mdomoni, ambacho kingelia mpira ukiingia. Nilidhani anabuni michezo ya kunifurahisha.

Alasiri nzima kikombe hakikulia. Jikoni, Mama aliacha kumenya ndizi, akawa anasikiliza tu.

Baba akaniita kwa kunong'ona. "Koku mwanangu, utumbukize mpira kwa mkono. Mama yako asikie."

Nikautumbukiza. Kikombe kikalia.

"Mungu asifiwe, Baba Koku," Mama alisema kutoka jikoni.

Nikarukaruka, nikijua nimeshinda. Nikautoa mpira, nikautumbukiza tena, na tena, na Baba hakunizuia.