Taya Katika Shimo la Wakwe

Katika likizo yangu ya kwanza kutoka chuo kikuu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilisimamisha uchimbaji wa choo cha mama yangu kwa siku tatu kwa ajili ya sayansi. Ndivyo nilivyosema wakati ule, na nilisema kwa sauti kubwa.

Kwanza nieleze choo chenyewe, maana si kila msomaji amelelewa Ugusii. Kwetu, watu wanaopaswa kuoneana haya, na haya hiyo tunaiita ensoni, hawatumii choo kimoja. Mkwe hawezi kuingia pale ambapo mama wa binti ametoka sasa hivi. Choo tulikuwa nacho, na kizuri, lakini kilikuwa chetu. Dada yangu alikuwa ameposwa na mwalimu kijana wa upande wa Masimba, na wazazi wa kijana wangefika kwetu, karibu na Magwagwa, Jumapili ile kuzungumza. Bila choo cha wageni wangekaa tangu asubuhi wamejibana, au wangeaga mapema. Mama aliamini kwamba posa ya binamu yake iliharibika hivyo hivyo, na sina ushahidi wa kumpinga. Baba alikuwa ameshafariki. Baba zangu wadogo wangeyabeba mazungumzo, lakini choo kilikuwa juu ya mama, na alikitaka kiwe kimekwisha kabla ya jua la Ijumaa kutua, kwa sababu sisi ni Wasabato na Jumamosi jembe hulala.

Mimi ndiye niliyechagua mahali. Mama alikuwa sokoni, nami nilikuwa na mwaka mzima wa jiolojia kichwani. Nilizunguka shamba nikitazama mteremko, nikakwepa chemchemi, nikachagua sehemu nyuma ya migomba ambapo ardhi ilikuwa imebonyea kidogo na majani yamestawi kuliko kwingine. Nikamwambia mchimbaji, "Hapa." Mchimbaji alikuwa mzee wa kijiji chetu ambaye alikuwa amechimba karibu kila choo katika kilima kile. Alipatazama pale mahali, akanitazama mimi, akatema mate viganjani na kuanza.

Jumatatu alasiri, kichwa chake kikiwa kimeshazama, aliniita. Nikachungulia. Ukutani mwa shimo ulikuwa umechomoza mfupa wa rangi ya kahawia, wenye meno.

"Usiguse!" nilipiga kelele.

"Ni taya la ng'ombe," alisema mzee.

"Ni mnyama wa jamii ya ng'ombe," nilimsahihisha. "Wa kale."

Nilimtoa shimoni. Nikalizungushia shimo kamba ya katani, nikashuka na brashi ya viatu, nikaanza kupangusa udongo punje kwa punje, kama tulivyoonyeshwa kwenye picha chuoni. Tayari nilikuwa nikitunga akilini barua ya kumwandikia mhadhiri wangu. Nilikuwa nimefika kwenye sentensi ambayo mhadhiri akiifikia anainuka kitini.

Hapa inanibidi nikiri jambo. Miezi miwili kabla ya siku ile niliandika katika mtihani kwamba miamba ya vilima vya Kisii ni ya kale kuliko mnyama yeyote mwenye mfupa, na kwamba udongo mwekundu kama wetu una asidi, hivyo hula mifupa upesi. Nilipewa alama nzuri kwa jibu hilo. Lakini mtihani ulikuwa Nairobi, na taya lilikuwa kwetu.

Jumanne mama alituletea viazi vitamu. Mzee alikuwa amelala chini ya mgomba kwa siku ya pili ya mapumziko yake, na mama akakaa ukingoni mwa shimo.

"Unajuaje kwamba ni wa zamani?" aliuliza.

Nilikuwa nikingojea swali hilo mwaka mzima. Nilimweleza kwamba dunia hutandazwa kama majani ya migomba shambani: yaliyo chini yaliwekwa kwanza, yaliyo juu yalifuata. Nikamweleza kwamba mara nyingi mfupa wa kale sana haupimwi wenyewe. Wanasayansi hutafuta majivu ya volkeno chini yake na juu yake. Ndani ya majivu kuna potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi iitwayo agoni, kwa mwendo usiobadilika. Jiwe likiwa limeyeyuka, gesi hutoroka. Likishaganda, gesi hufungiwa na kuanza kurundikana.

"Kama maziwa ya kibuyu," mama alisema. "Ukijua yanavyoganda kwa siku, ukiyaonja utajua yalitiwa lini."

Sijapata kusikia maelezo bora, na wakati ule yaliniudhi kidogo.

"Kwa hiyo," niliendelea, "majivu ya chini yakiwa na miaka milioni mbili, na ya juu milioni moja, basi mfupa..."

"Uko katikati," mama alisema. "Na dunia yote?"

"Zaidi ya milioni elfu nne."

Alifikiri. "Hiyo usiipeleke kanisani Jumamosi."

Mzee akasema bila kufumbua macho, "Na kama mtu alichimba shimo akautupa humo?"

"Kwa kina hiki?" nilicheka. "Ni nani achimbe kina hiki?"

"Mimi," alisema mzee. "Kila wiki."

Nilirudi kwenye brashi yangu. Jumatano dada alikuja kuchungulia. Alikuwa ameshona gauni jipya, na uso wake haukufanana na gauni.

"Kaka, wakwe wakibanwa tuwaambie wangoje miaka milioni?"

"Kesho nitamaliza."

"Ukimaliza wewe, mzee ndipo aanze? Na ukuta? Na paa?"

Nilimwambia kwamba hakuelewa umuhimu wa jambo lile. Alielewa vizuri sana, maana yeye ndiye aliyekuwa akiolewa. Aliondoka akilia, na nikaendelea kupangusa. Naandika hili bila fahari.

Alhamisi, saa sita mchana, mzee alichoka kupumzika. Nilipokwenda kunywa maji alishuka shimoni, akachokoa chini ya taya kwa ncha ya panga, na niliporudi nilimkuta amesimama amenyoosha mkono juu. Kiganjani alikuwa na kitu cheusi, cha mviringo, kilicholiwa na kutu.

"Na hii, msomi," aliuliza, "ni ya mnyama gani?"

Ilikuwa betri ya tochi.

Ipo kanuni moja tuliyofundishwa wiki za kwanza kabisa: tabaka haliwezi kuwa la kale kuliko kitu kichanga kabisa kilichofukiwa ndani yake. Nilikuwa nimeipigia mstari mwekundu kwenye daftari. Betri ilikuwa chini ya taya. Hata mimi niliweza kumaliza hesabu hiyo.

Mama alikuwa amefika nyuma yangu. "Ni ya tochi ya baba yako," alisema taratibu. Ng'ombe wetu wa maziwa alikufa kwa ndigana, homa ya kupe, nikiwa kidato cha kwanza, bwenini. Bwana mifugo akakataza asiliwe, akaamuru azikwe chini kabisa. Baba na majirani wakachimba mpaka giza likawakuta, wakawasha tochi, na betri zilipokwisha baba akazitupa humo humo.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Tangu Jumatatu."

"Mbona hukusema, mama?"

"Mbele ya mzee huyu? Akina mama wote kanisani wanajua mwanangu anasomea umri wa dunia. Nilitaka ufike mwenyewe." Alitazama jua. "Lakini leo ni Alhamisi, tata."

Kwetu mama humwita mwanawe tata, yaani baba, anapompenda au anapoishiwa na subira. Siku ile yalikuwa yote mawili.

"Mimi pia nilijua," mzee alisema akipanda ngazi. "Udongo ukishachimbwa haurudii kushikana. Jembe lilikuwa likiingia kama kijiko kwenye uji."

"Na ukanyamaza!"

"Kijana, mtu hulalamikia kazi ngumu. Nyepesi unaipokea na kushukuru."

Kisha akatoa habari mbaya. Shimo lile halikufaa. Kuta za udongo uliofukiwa zingeporomoka, pengine mkwe akiwa juu yake. Akaenda hatua kama kumi na tano juu ya mteremko, akagonga ardhi kwa kisigino, akagonga tena pembeni, akasema, "Hapa." Hakutaja matabaka.

Nilichimba naye. Yeye alichimba kama mtu anayetembea, mimi kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Tulipokezana shimoni hadi jioni, na alfajiri ya Ijumaa tukaanza tena. Majirani walileta magogo ya mikaratusi na mianzi. Wanawake walikanda udongo kwa miguu wakiimba nyimbo za kanisa, na dada alikuwa miongoni mwao, gauni jipya likiwa limetundikwa nyumbani. Aliponipitia alinipaka tope shavuni, na nikajua nimesamehewa nusu. Mzee alisema choo cha heshima huenda futi ishirini. Chetu kilifika kumi. Jua lilipogusa kilima mama akasema, "Basi," na kila mtu akaweka chini alichoshika. Paa lilikuwepo. Mlango haukuwepo. Jumapili asubuhi tulitundika blanketi.

Wakwe walifika saa nne. Baba zangu wadogo walizungumza, wao wakajibu, chai ikapita, ugali wa wimbi ukapita na kuku, na hakuna aliyeinuka. Mama alikuwa akimimina chai huku macho yake yakizunguka mabegani mwa wageni. Saa nane hivi mama wa kijana alimnong'oneza dada yangu kitu sikioni. Wakatoka pamoja. Mama akasimama na birika hewani. Baba mdogo alikuwa akiongea habari za mvua, na nadhani hakuna aliyemsikia.

Walikawia. Niliwaza kuta, magogo, futi kumi. Kisha tukawasikia wakicheka nje, wote wawili, na mama wa kijana akaingia amemshika dada mkono kama mtu aliyemjua siku nyingi. Aliketi, akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya bila haraka, akamsogezea mama kikombe chake.

"Mama wa binti," alisema, "hiyo chai bado ipo? Sisi hatuna haraka."

Mama akammiminia mpaka ukingoni. Kisha akanimiminia mimi. Viganja vyangu vilikuwa na malengelenge matupu, sikuweza kushika mkono wa kikombe, kwa hiyo nilikibana kati ya vifundo vya mikono miwili na kunywa hivyo hivyo mbele ya wakwe. Mama aliniona, na alicheka mpaka ikabidi aweke birika chini.