Umbea wa Seli

Jirani yangu wa meza hapa maabara hapendi umbea, maana anaupima kutwa nzima. Hushika kisahani chenye vishimo tisini na sita, akakipindua na kukigonga mara tatu juu ya karatasi kukung'uta maji ya kuoshea, pa, pa, pa, kisha hutia dawa ya kupimia na kuinama kungoja rangi ya njano. Ikikolea, basi protini za kupashana habari zimezidi: seli za kinga zimetiana fitina kwamba kongosho, linalotengeneza insulini, ni adui. "Wazushi wakubwa nyie!" hufoka, kalamu sikioni.

Jana alikuja mama ambaye bintiye tulimtoa damu kwa utafiti. Aliuliza kwa sauti ndogo kama kisukari cha mtoto kilitokana na chai tamu aliyomzoesha. Tangu mtoto augue, yeye mwenyewe hunywa chai kavu bila sukari, kujiadhibu.

Jirani yangu akavua glavu. "Dada, huu umbea ni wa seli zenyewe kwa zenyewe. Chai yako hata haikutajwa."

Akampeleka chumba cha pili, akamimina kikombe cha chai, akatia vijiko viwili vya sukari, akakoroga, akamsimamia mpaka kitako cha kikombe kikaonekana.