Vibandiko Juu ya Lori la Janvier

Siku moja hunirudia kila nikisikia mtu akisema kitu fulani ni cha kutupwa, mwanangu, na jana nilikusikia wewe. Ulikuwa ukimsema binamu yako aliyerudi kutoka msituni kwa wapiganaji, kwamba jina la kundi lake limemganda na hafai tena kula nasi. Hasira ni hasara, na yangu huwa naiacha ilale kwanza. Sasa kaa hapa.

Nilikuwa msichana wa umri wako, hapa hapa Bunia, wakati wa vita. Kaka yangu Janvier alikuwa msaidizi wa dereva kwenye malori ya njia ya Epulu. Siku za kungoja mzigo alichonga lori dogo la mbao, akalipaka rangi ya buluu iliyobaki baada ya kupaka milango ya duka la jirani, na juu ya kioo cha mbele akaandika kwa rangi nyeupe, kwa mkono wake: ASANTE MAMA. Aliringa nalo kama bwana harusi. Kisha vita vilimkuta njiani, na hatukuuona hata mwili wake.

Na sisi tulikimbia. Tuliporudi, tulikuta wapiganaji wamelala nyumbani kwetu na kuondoka. Picha zote walikuwa wamewashia moto wa kupikia. Lori lilikuwepo, ila walilijaza vibandiko vya kundi lao, na kikubwa kuliko vyote kilikaa juu ya yale maandishi. Usiniulize ni kundi gani. Walioiba sufuria zetu walikuwa wa kila upande.

Matanga ya Janvier yalikuwa karibu kuondolewa, na unajua siku hiyo picha ya marehemu hukaa mezani mbele ya watu. Mama hakuwa na picha. Alikuwa na lori hilo tu. Lakini mji ulikuwa umeshikwa na kundi jingine, askari wake wakipita nyumba kwa nyumba, na baba mdogo aliogopa.

«Choma hii kitu leo! Wakiikuta mu nyumba, watasema siye tuko watu yao.»

«Hapana, baba mudogo. Siwezi choma mukono ya Janvier.»

Nilisema hivyo na nilikusudia hivyo. Nikachukua kisu. Ngozi ya juu ya kibandiko ilichanika, gundi ikabaki pale pale. Nikachovya kitambaa kwenye petroli, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Gundi ililegea, lakini rangi nayo ikalegea, na herufi ya mwisho ya neno MAMA ikahamia kwenye kitambaa. Niliitazama nikalia kwa uchungu.

Shangazi yangu, aliyekuwa akiuza mawese sokoni, alinipokonya kisu.

«Weye, unapigana na nani? Na karatasi ao na ndugu yako?»

«Na hii uchafu, shangazi!»

«Basi kisu haijue kuchagua. Ya juu unailainisha. Ya chini unaichunga.»

Alilaza kitambaa cha maji ya moto juu ya kibandiko, akakiacha mpaka karatasi ikavimba na kutoka yenyewe. Kisha akapaka mawese ya vuguvugu juu ya gundi na kuisugua kwa nyama ya kidole, si kwa kucha, hadi ikajiviringa kama ugali unaobaki mikononi. Vibandiko vya plastiki alivipitishia uzi wa kushonea kwa chini, taratibu. Nilipotaka kuvuta alinipiga kofi mkononi. Bandu bandu huisha gogo, mwanangu, lakini gogo halikuambii litaisha lini. Sauti za askari zikasikika kwa jirani, naye hakuinua kichwa. Tuliendelea.

Walipoingia, lori lilikuwa limeoshwa kwa sabuni, bado linanuka mawese. Mmoja aliligeuza huku na huku, akalirudisha mezani, akabeba bidoni ya shangazi, dumu lake la mawese, wakaenda zao. Shangazi aliwatukana kwa bidoni yake hadi jioni.

Baba mdogo, aliyetaka kulichoma, ndiye aliyetaka sasa kuandika upya ile herufi iliyofutika. Shangazi akakataa: mwenye mkono ule alishaenda. Siku ya matanga tukaliweka mezani vile vile, na pengo lake. Mama, ambaye tangu habari za kifo hakuwa amelitamka jina la mwanawe, akapitisha kidole juu ya maandishi polepole. Alipofika kwenye pengo kidole kikasimama, akamalizia neno kwa mdomo wake, «Mama,» kisha akaita, «Janvier wangu,» na hapo ndipo alipolia, na sisi wote naye.

Basi nisikilize. Yule binamu yako kabandikwa. Waliombandika hawakumuuliza, na chini ya jina lao bado yupo mtoto wa dada yangu. Ukimchoma, umewasaidia wao. Ukimkwangua kwa maneno makali, utang'oa na rangi yake. Mpe maji ya moto aoge, mpe chakula, kaa naye, na usichoke kabla gundi haijachoka. Pengo litabaki, sikudanganyi. Tutamalizia sisi.

Mungu akupe kidole chepesi na moyo mgumu wa kutokata tamaa, mwanangu, na siku ukibandikwa wewe, akupe mtu wa kukataa uchomwe. Sasa nenda ukamwite, chakula kiko tayari.