Chemchemi ya Mjomba Bukuru

Nakumbuka asubuhi moja kule Kasulo, wilayani Ngara, nimesimama mlangoni kwa mjomba wangu, begi mgongoni, viatu miguuni, na sijui hasa naenda wapi. Mwanangu, ujumbe wako nimeupata. Umeandika, "Mama mkubwa, nataka kuacha chuo, roho haitulii." Nimeusoma nimesimama, nikausoma tena nikizunguka uani, hata chakula kikanishinda. Nikasema, huyu nisipomwambia mimi ataambiwa na nani? Basi kaa nikusimulie, kama kukaa unaweza. Mimi enzi zile nilikuwa siwezi.

Unajua tulizaliwa Nyarubungo, mimi na mama yako, kwa wazazi wakulima. Nilipofaulu sayansi, kijiji kizima kilikwisha kukubaliana kwamba nitakuwa daktari. Nafasi ya udaktari sikupata. Nikapangiwa shahada ya afya ya mazingira: maji, vyoo, takataka, mbu, usafi wa machinjio. Wenzetu wa udaktari walipita wamevaa makoti meupe, sisi tukipita na chupa za maji ya mtaroni. Nikija likizo wazee wananiita, "Daktari wetu, njoo uniangalie goti." Nikieleza ninachosoma, wanatazamana. Jirani mmoja alimwuliza bibi yako, kwa sauti ya chini kama anayetoa pole ya msiba, "Kumbe hata vyoo husomewa chuo kikuu?"

Basi nikawa mtu wa kuhangaika. Mwaka wa kwanza niliomba kuhamia ufamasia. Mwaka wa pili nikataka maabara. Nikikaa darasani mguu unacheza chini ya meza, mwalimu anaongea huku mimi naangalia dirishani. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini nani aliwasikiliza wahenga? Njia mbili zilimshinda fisi, na mimi nilikuwa najaribu kupita zote.

Likizo ndefu ya mwaka huo nikapelekwa Ngara kwa mafunzo ya vitendo, niwe chini ya Bwana Afya wa kata. Nikafikia Kasulo kwa Mjomba Bukuru, kaka yake bibi yako, aliyekuwa akiishi na mama yao mzazi, bibi yangu mimi. Moyoni nilikuwa nimekata shauri. Nimalize mafunzo nisije nikaonekana mtoro, kisha nimwambie baba kwamba chuo sirudi.

Chini ya migomba ya mjomba kulikuwa na chemchemi. Babu ndiye aliyeijengea mawe, na hata kiangazi haikukauka. Miaka ile wakimbizi walipojaa kambini Lukole, wengine walipita pale kwa babu wana kiu, na babu hakumfukuza mtu. Kwa hiyo yale hayakuwa maji tu, mwanangu. Yalikuwa heshima ya ukoo. Mjomba akitaka kujisifu kilabuni, hakutaja ng'ombe wala shamba. Alisema, "Sisi ndio wenye maji," na mazungumzo yakaishia hapo.

Mvua za vuli zikaanza, na kuhara kukaingia kitongojini. Kwanza watoto, kisha wakubwa. Huyu anasema ni maembe mabichi, yule anasema ni jicho la mtu. Asubuhi moja nikashuka kuchota maji na Nyamwiza, jirani yetu, mama kijana mwenye maneno mengi. Alikuwa akiniambia jinsi bintiye alivyoanza kutapika, na mimi nikainua macho nitazame mlima. Juu ya chemchemi, nyuma ya migomba, kilisimama choo kipya cha mjomba. Alikichimba kwa ajili ya sherehe ya kumuaga binti yake aliyeolewa, choo kizuri chenye bati linalong'aa, na kila mgeni alionyeshwa. Mvua ikipiga, kilichomo kinafuata mteremko.

Niliiweka ndoo chini. Lile somo nililokuwa nasinzia nalo darasani lilikuwa limesimama mbele yangu na bati lake.

Jioni, mjomba alipotoka shambani, nikamfuata.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mjomba, naomba tuongee. Choo kipya kipo juu ya chemchemi. Nahofia uchafu umeingia kwenye maji, na watu wanaumwa."

Aliegemeza jembe ukutani.

"Yaani nawanywesha watu mavi?"

"Sijasema hivyo, mjomba."

"Umesema. Maji haya baba yangu alikunywa akafa mzee. Wewe hata sindano hujui kuchoma, leo unaniambia nyumba yangu inaua watu? Neno hilo likitoka nje ya ua huu, usirudi kulala kwangu."

Ndiyo maana asubuhi yake, ile niliyoanza nayo, nilikuwa mlangoni na begi. Bibi alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage, na hapakuwa na njia ila kumruka.

"Unakwenda wapi?"

"Narudi nyumbani, Bibi. Na chuo naacha. Kazi gani hii ya kutukanwa kwa sababu ya vyoo?"

"Kaa chini."

"Gari litaniacha."

"Riache rikuache." Bibi alikuwa akichanganya ra na la, kama wazee wengi wa huko, na siku zote nilimcheka. Siku hiyo sikucheka. "Tangu uje hapa hujakaa kitako. Unakura umesimama, unaniamkia huku unatembea. Nikasema ni ujana. Sasa nakuuriza: uriyomwambia mjomba wako ni kweri au si kweri?"

"Ni kweli, Bibi. Maji hayajapimwa, lakini kwa nilivyofundishwa ni kweli."

"Ukiondoka, nani mwingine hapa anajua?"

Nikalitua begi. Bibi akaendelea na maharage yake. Sauti hakuipandisha.

"Mwanangu Bukuru nimemzaa mimi. Hasira yake ni kuni mbichi, moshi mwingi. Atapoa, asipopoa shauri yake. Lakini mtu anayeona nyoka majanini, akakimbia peke yake bira kuwaambia wenzake, huyo kwenu chuoni mnamwitaje? Miguu yako haiturii. Itaturia wapi, na hujaipa kazi?"

Aliposema hayo akavuta mguu wake pembeni, njia ikawa wazi. Angalia hekima ya mzee, mwanangu: alinikemea, kisha akaniachia mlango.

Nilitoka, lakini stendi sikwenda. Nilikwenda kwa Bwana Afya. Akaja, akatazama mlima, akatikisa kichwa, akachukua maji kwenye chupa safi yakapimwe mjini. Majibu, alisema, yatachelewa, na watu hawawezi kungoja majibu wakiwa na kiu. Basi tukaanza kupita nyumba kwa nyumba: chemsheni maji, nawisheni watoto. Wapo waliotukaribisha. Wapo waliotufungia mlango, kwa sababu habari kwamba mpwa anamwaibisha mjomba wake ilikuwa imetutangulia.

Kwa Nyamwiza tulimkuta yule binti amelegea, macho yamezama. Nilimfinya ngozi ya tumbo nayo ikakaa vilevile, haikurudi, dalili kwamba mwili umekauka maji. Nyamwiza alikuwa akimpepea kwa kanga. Tukachanganya maji yaliyochemshwa na chumvi na sukari, nikaanza kumpa kijiko baada ya kijiko, kisha Bwana Afya akawasha pikipiki yake, tukapakiana wote kama mikungu ya ndizi mpaka hospitali. Pale nje nilishindwa kukaa. Nilitembea ukuta hadi ukuta mpaka muuguzi akaniambia nimwonee huruma. Alipotoka mara ya pili alisema mtoto amekojoa, maji yamerudi mwilini. Mwanangu, sijawahi kusikia habari tamu kuliko hiyo.

Lakini mtoto wa nyumba ya jirani hakuwahishwa hospitali, akafa. Baba yake alikuwa mmoja wa waliotufungia mlango.

Mjomba alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Nilimwona akitupa udongo, hamtazami mtu. Tuliporudi kutoka kuzika hakuingia ndani. Alikwenda na jembe lilelile, bado lina udongo wa makaburini, akakata miiba, akaziba njia ya chemchemi. Kisha akapanda juu na kuanza kukifukia choo chake. Majibu ya maji yalikuwa hayajaja, na yalipokuja yalisema lile ambalo kila mtu alikuwa amekwisha kulijua. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe kilikuwa cha mwingine.

Nilidhani ataniita tuongee. Hakuniita. Wala hakunifukuza; nililala chumbani kwa Bibi hadi mwisho wa mafunzo, tunasalimiana tu na mjomba, shikamoo, marahaba. Miaka baadaye alikuja kwenye harusi yangu, akala, akamwambia mtu wa pembeni, "Huyu mtoto wetu ana mdomo." Sifa yenyewe ikaishia hapo. Na hadi leo wapo ndugu wanaosema niliuvunjia ukoo heshima. Siwajibu.

Nikarudi chuoni, nikamaliza, nikawa Bibi Afya, na sasa nakaribia kustaafu. Sitakudanganya kwamba roho ilitulia. Mvua ikipiga usingizi unakatika, nawaza miteremko yote ninayoijua, kuanzia Biharamulo hadi mpakani. Mtoto yule tuliyemzika ananiuliza swali ambalo sina jibu lake: ningepiga kelele zaidi siku ile ya kwanza, ingekuwaje?

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na usiikimbie. Kuhangaika si ishara kwamba umepotea njia. Nenda kaangalie kwanza unahangaikia nini. Ikiwa ni jina, kwamba watu hawatakuita daktari, hilo litapita kama homa. Ikiwa ni kwa sababu umeona jambo na unaogopa kulisema, hapo kaa, useme, kwa adabu lakini useme, hata kwa wa damu yako. Tena soma hata somo usilolipenda, kwa maana hujui ni lipi litakalokusubiri mlimani. Kinga ni bora kuliko tiba, sawa, lakini hakuna atakayekushukuru kwa ugonjwa ambao haukumpata. Zoea hivyo tangu sasa. Na kama baada ya yote hayo bado utaona chuo hicho si chako, njoo uniambie uso kwa uso, nami nitakuwekea chai na sitagomba.

Mungu akupe macho yasiyopepesa na ulimi usioumiza bila sababu. Mikono yako iwafikie watoto wa watu kabla msiba haujawafikia. Uzeeke, uwe na wa kuwakemea, na wakusikie. Nenda darasani, mwanangu. Ukitoka unipigie.