Kigoda Tulichokizeesha

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, Bariadi nzima ilikuwa inakimbilia vipya. Wanunuzi binafsi wa pamba waliingia na malori yao, na wakulima waliouza vizuri wakarudi kutoka Mwanza na makochi yenye maua, hata nailoni hawajaivua. Mimi nilikuwa nauza mitumba sokoni, na nadhani ndimi mtu pekee niliyehangaika kukifanya kitu kipya kionekane kizee. Sikuona aibu wakati ule na sioni sasa.

Baba alikuwa amefariki. Kabla hatujaanua matanga pale kwetu Ngulyati, mdogo wake alikibeba kigoda cha baba, cha miguu mitatu, akaondoka nacho. Kwetu mwenye mji huamua mambo ya mji akiwa amekaa kwenye kigoda chake, wengine wako chini. Kwa hiyo baba mdogo alikuwa anatangaza kwamba mji sasa ni wake, na kwamba baada ya mavuno kikao cha ukoo kitamtoa mama kwenye nyumba na kwenye shamba la pamba alilolilima tangu nikiwa mgongoni kwake. Mama alilia. Mimi nilikasirika, na nikikasirika siwezi kukaa bure.

Nikamwendea seremala wa mjini, akanichongea kigoda kutoka gogo moja la mninga, ili siku ya kikao mama naye awe na cha kukalia. Kilikuja chekundu, kimepigwa vanishi hadi kinateleza. Mama alikitazama akasema shemeji zake watamcheka, mjane kukalia kitu cha dukani.

"Basi tukizeeshe," nikamwambia.

Tulikifanyia kazi jikoni kwake. Nilikwangua vanishi kwa kipande cha chupa, nikakichapa kwa mnyororo wa baiskeli hadi kingo zikaisha ukali. Tukakipaka chai iliyochemshwa ikawa nyeusi, tukakikausha kwenye moshi wa samadi, kisha mama akakisugua kwa samli na masizi. Miguu yake tuliizamisha kwenye tope la zizini. Kilichotusumbua ni pale pa kukalia, kwa sababu kigoda cha zamani huwa kimelika kwa makalio ya mwenyewe. Nikawa nanyunyiza majivu, mama anakaa, ananyanyuka, nami napiga msasa pale alipoacha alama. Tulicheka mpaka machozi, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Siku ya kikao, wanaume wa ukoo waliingia uani wakamkuta mama ameshakaa, khanga ameifunga vizuri, mikono magotini. Akawaamkia, "Mwadila," nao wakaitikia huku macho yao yakiwa kwenye kigoda. Baba mdogo alikuja wa mwisho na kigoda cha baba kwapani. Akasimama. Alikizunguka kile cha mama, akainama, akakichunguza kama anayenunua ng'ombe mnadani.

"Shemeji," akasema, "hicho si cha kaka. Cha kaka kimelika kushoto, alikokuwa analalia kwa ajili ya ule mguu wake mbovu. Hicho kimelika katikati."

Ni kweli, tulimsahau baba kabisa. Katika kusugua kote kule tulikuwa tumemfuata mama.

Mama hakunyanyuka.

"Sijasema ni cha kaka yako," akajibu. "Hicho ulichobeba kimelika kwa makalio ya mume wangu. Hiki kimelika kwa yangu. Ya kwako yameacha alama wapi katika mji huu?"

Wazee wawili wakajifanya wanakohoa. Baba mdogo alitazama pa kukiweka kigoda, asipaone, kwa maana kukikalia baada ya swali lile kungekuwa kichekesho. Mwishowe akaketi chini na wenzake, kigoda amekipakata. Hapo mkubwa wao akamgeukia mama na kumuuliza, kwa heshima, mwaka huu angependa pamba waanze kuilima upande gani.